Kufungua Kinywa Mchombe

Akina mama wenzetu, mikate mitatu tuliyoinunua Morogoro ilifika Mchombe ikiwa haitamaniki. Mmoja ulikuwa umelaliwa na begi hata ukawa bapa kama kandambili. Ile miwili mingine, kwa kulala usiku mbili ndani ya mfuko uliofungwa, ilikuwa imeota ukungu wa kijani pembeni. Tulikuwa tumeichukua kwa moyo mzuri. Tulisema, tunakwenda kijijini kwa mwenzetu, tusiende mikono mitupu, tuwapelekee watoto kitu cha mjini.

Mama mwenyeji wetu aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama ilivyo adabu ya huko, akasema, "Ahsanteni sana dada zangu, mmechoka na safari, na bado mmetukumbuka." Akaiweka juu ya kabati. Asubuhi ya siku ya pili tuliwaona bata nyuma ya nyumba wakigombania kitu cheupe. Hakuna aliyelitaja jambo hilo, si yeye wala sisi.

Tulikuwa watatu, na tulialikwa kwa siku nne tu. Ilikuwa mwisho wa Julai. Msomaji ambaye hajafika Bonde la Kilombero ajue kwamba siku hizi lami imefika Ifakara. Unatoka Mikumi, unapita Kidatu penye mashamba ya miwa, unaifuata milima ya Udzungwa mpaka mjini. Baada ya Ifakara mambo yanabadilika. Tulilala pale, na asubuhi tukapanda gari dogo la abiria kuelekea upande wa Mlimba. Vumbi lilikuwa jekundu, na kila mmoja wetu alijifunga khanga usoni. Mkono wa kulia una milima, mkono wa kushoto una mbuga tambarare ambayo macho hayafiki mwisho wake. Reli ya TAZARA nayo inapita huko huko chini ya milima. Masika mbuga ile hugeuka maji, maana ndipo mito mingi ya milimani inapoteremkia kuujaza Mto Kilombero. Julai ni mabua makavu ya mpunga, na ng'ombe wachache wakiokoteza.

Mchombe ni nchi ya mpunga. Utajua kabla hujaambiwa. Mashine za kukoboa zinalia tangu asubuhi, hewa ina harufu ya pumba, na mbele ya nyumba nyingi kuna turubai lililoanikwa mpunga na mtoto aliyekaa na fimbo kufukuza kuku. Malori ya wafanyabiashara yanasimama barabarani na mizani yao. Mengine hayana haja ya mizani, yanataka lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu mpaka linakuwa gunia na nusu kwa bei ya gunia moja.

Lakini tulipokwenda dukani jioni ile kununua sabuni, tulishangaa. Chakula cha asubuhi kilichouzwa pale kilikuwa cha ngano tupu: mandazi ya ngano, chapati za ngano, na mikate iliyoletwa kwa gari, mingine haikuwa na hali bora kuliko ile yetu. Ngano haioti kwenye mbuga ile. Nchini mwetu inalimwa kwenye nyanda za baridi, kama Hanang na Makete, na sehemu kubwa ya tunayokula inaletwa kwa meli. Mwaka 2022 vita vilipoanza Ukraine, bei ya ngano ilipanda duniani kote, na akina mama wa huku kwetu tukaona andazi linapungua ukubwa. Mtoto wa Mchombe, ambaye baba yake anaulalia mpunga, naye anasubiri meli ili afungue kinywa. Ama asubiri, ama aende shule na chai ya rangi.

Hatumlaumu mtu. Hata majumbani mwetu ni hivyo. Wali wa asubuhi tunauita kiporo, na mtoto akiukuta mezani ananuna.

Basi, saa kumi na moja alfajiri tulisikia sufuria. Tulitoka kwenda kusaidia, tukamkuta mama mwenyeji ameshawasha moto, na kwenye beseni lililofunikwa kwa khanga kulikuwa na uji mweupe mzito uliojaa povu. Mmoja wetu akauliza kama ni togwa. Akacheka. "Hapana dada, huu ni mkate."

Usichana wake alifanya kazi za ndani Dar es Salaam, mtaa wa Magomeni, kwa familia ya watu wa pwani. Huko ndiko alikojifunza mkate wa kumimina, ule mkate wa mchele ambao wenzetu wa Zanzibar na mwambao wote wanaupika hasa wakati wa Ramadhani. Wao huutia sukari na iliki, ukaliwa kama keki. Yeye aliporudi nyumbani kuolewa aliubadilisha. Alitaka mkate wa kubebea kitu ndani, ambao mtoto ataushika mkononi akitembea. Kwa lugha za Ulaya kitu hicho kinaitwa sandwichi, kwa jina la bwana mmoja mkubwa wa Uingereza, miaka zaidi ya 250 iliyopita, ambaye inasemekana alipenda kula nyama kati ya vipande vya mkate. Waganda nao wana yao: yai la kukaanga linaloviringishwa ndani ya chapati kando ya barabara, nao huiita roleksi. Watoto wa nyumba ile ya Mchombe wanaiita mkate wenye siri.

Tutaeleza anavyoupika, kwa sababu tulisimama karibu yake asubuhi tatu na kuandika kila kitu.

Kwanza, hatumii mchele mzima. Mpunga ukikobolewa mashineni, baadhi ya punje huvunjika, nazo ni chenga. Wengi huziuza kwa bei ndogo au kuwapa kuku. Yeye hulisha watu wake mchele mzima mchana, na chenga ni za mkate, kwani zitatwangwa hata hivyo. Tulimwuliza kama mbegu ina maana. Alisema Supa ina harufu nzuri zaidi, lakini wao wamelima SARO 5, ile mbegu ya kituo cha utafiti cha kilimo cha Ifakara, kwa kuwa inazaa zaidi, na mkate wake hauna kosa.

Nusu kilo ya chenga inaoshwa na kulowekwa tangu mchana. Magharibi inachujwa maji, inatwangwa kwenye kinu ikiwa bado na unyevu, na kuchungwa. Zinazobaki kwenye chekeche zinarudi kinuni. Wenye mashine ya kusagia ya umeme wataokoa nusu saa hapo. Kisha unga ule unachanganywa na konzi moja ya wali uliopikwa jioni ile ile na kupondwa ukawa laini. Hapa ndipo penye siri yenyewe, kama mkate ule una siri. Unga wa mchele hauna ule mvuto wa ngano. Ukiuoka peke yake unapasuka na kumomonyoka kama udongo mkavu. Wali uliopondwa unaushika. Lakini uwe wa jioni hiyo, usiwe uliokaa kwenye joto tangu mchana, kwa maana wali uliolala kwenye joto huweza kuzaa sumu ambayo hata moto hauiondoi.

Anatia maji ya uvuguvugu mpaka uwe mzito kama uji wa mgonjwa, chumvi nusu kijiko cha chai, sukari kijiko kimoja cha chakula, na hamira robo tu ya kijiko cha chai, kwa sababu italala usiku kucha. Usiku wa Julai chini ya Udzungwa ni wa baridi. Miezi ya joto hufanya vingine: anachanganya alfajiri, hamira kijiko kizima, na kusubiri saa moja. Asubuhi anaongeza tui zito nusu kikombe na ute wa yai moja uliopigwa. Kiini anakiweka kando.

Sufuria yenye kitako kizito inapashwa moto kwa mafuta kidogo mpaka itoe sauti unapodondosha tone. Unamimina. Moto wa chini uwe mdogo. Vitundu vikishajitokeza juu, anafunika kwa bati na kupanga makaa juu yake. Dakika 20, au 25. Njiti ya ufagio ikichomwa katikati itoke kavu. Mmoja wetu alitaka kuukata hapo hapo, harufu ilikuwa imemshinda. Alikatazwa. "Ukiukata moto unalia," mama mwenyeji alisema, na kweli, ulipolazimishwa siku iliyofuata uligandamana na kisu. Unaachwa upoe mpaka mkono uvumilie, kisha unakatwa kwa kisu kilicholowekwa maji, vipande sita kama vya keki, na kila kipande kinapasuliwa katikati kwa upana. Halafu anafanya jambo ambalo sisi tusingelifikiria: anakaanga uso wa ndani kwenye kikaango chenye tone la mafuta mpaka ukauke na kuwa na rangi. Hapo mchuzi wa kilichomo hauwezi kuulowesha.

Na kilichomo hutegemea siku. Asubuhi ya kwanza kilikuwa mayai mawili na kile kiini kilichobaki, kwa watu sita. Alikuza kwa kitunguu, karoti iliyokunwa, na mchicha uliokatwakatwa mwembamba. Nyanya aliikamua mbegu na maji kwanza. Asubuhi ya pili ilikuwa perege wa kukaushwa kwa moshi. Samaki wa Mto Kilombero wamelisha bonde hili tangu zamani, na Wandamba ni mabingwa wa kuwavua kwa mitumbwi. Alimchemsha, akamchambua, akamponda na limau na karanga za kukaangwa. Mifupa alimpa binti yake mkubwa aikague mara ya pili, kwa kuwa wadogo wawili bado ni wa kula haraka. Jumamosi ni ndizi mbivu na karanga za kusaga, hakuna moto wa pili, na watoto wanaisubiri hiyo kuliko zote.

Wanaokwenda shule hufungiwa kwenye jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto mpaka lilegee. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini jani alilitumia hata kabla, maana halitoi jasho. Sharti lake ni moja: kiliwe kabla ya saa nne. Yai na samaki havingoji jua la mchana.

Binti yake mkubwa, aliye darasa la sita, alituambia kwamba mwanzoni alikuwa akikila njiani, kichakani, ili wenzake wasimwone. Wenzake walikuja na andazi au hawakuja na kitu, na yeye alikuwa na mkate wa nyumbani ndani ya jani kama mzigo wa bibi kizee. Siku moja rafiki yake alimfuata, akaomba kipande. Tangu hapo anakula darasani, na mama yake analalamika kwamba anarudi na njaa kwa sababu anagawa nusu.

Sasa tuseme jambo ambalo ndilo lililotufanya tuandike.

Katika chumba cha mama yule, nyuma ya mlango, kulikuwa na magunia mawili ya mpunga yenye alama ya mkaa. Mpunga mwingine ulikuwa sebuleni. Tulidhani ni mbegu. Usiku wa pili alituhesabia. Nusu kilo ya mchele kila siku ya shule, na siku za masomo kwa mwaka ni kama 190. Ni kilo 95 za mchele. Mpunga ukikobolewa hupungua, kwa hiyo ni kama kilo 146 za mpunga, yaani magunia mawili yasiyo na kilemba. Chenga za mpunga wote unaokobolewa hapo nyumbani, wa chakula cha mchana na cha jioni, ndizo zinazotumika kwanza, lakini hazitoshi mwaka mzima. Hayo mawili ni ya kufidia, ili asubuhi isikose. Anayaita magunia ya asubuhi.

Hakuyaweka kwa kupenda hesabu. Miaka michache nyuma waliuza wote mwezi wa sita, kwa bei ya chini ya wakati wa mavuno, wakalipa madeni na kuezeka bati. Nyumba ilipendeza. Mwezi wa pili, shamba likiwa kijani na ghala likiwa tupu, walikuwa wakinunua mchele kwa kikombe dukani, kwa bei iliyopanda sana, mchele ambao huenda uliota nyuma ya nyumba yao. Watoto walienda shule na chai ya rangi. Mwalimu alimwita mama kumwambia kwamba yule wa pili analala darasani kila siku ikifika saa tatu. Alidhani ni malaria. Alimpeleka kupima, hakuwa na malaria.

Alhamisi, siku ya kuondoka kwetu ikiwa kesho yake, alikuja dalali. Lori lilikuwa limebakiza nafasi ya magunia machache. Baba wa nyumba aliuza yale ya sebuleni, kama walivyokubaliana. Kisha dalali akauliza hayo ya chumbani. Na kwa kweli, akina mama, fedha ilihitajika. Mama mwenyeji alikopa kwenye kikundi ili kulipa vibarua wa palizi, na marejesho yalikuwa Ijumaa. Wengi wetu tunaijua Ijumaa ya namna hiyo. Ijumaa ambayo wenzako wa kikundi wanakaa kwenye mkeka na kukutazama.

Shemeji yetu si mtu mbaya. Aliingia, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, tutoe moja tu. Tutalirudisha." Mama hakupandisha sauti. Alisema, "Baba, mwaka ule pia tulisema tutalirudisha." Wakanyamaza. Sisi tuliinamia mboga tulizokuwa tukichambua kana kwamba hatujawahi kuona matembele. Mmoja wetu alitaka kufungua pochi, na tukamgusa mguu, kwa sababu kuna msaada ambao ukitolewa wakati huo unamvua mwenye nyumba nguo.

Tunakiri kwamba hatukujua nani alikuwa na haki. Deni ni deni, na mwanamke anayechelewesha marejesho anafungiwa mlango msimu ujao. Ukipalilia kwa kuchelewa, huna mpunga wa kuweka nyuma ya mlango wowote. Kwenye gari tulibishana juu ya jambo hilo mpaka Kidatu, na mpaka leo hatujakubaliana.

Alichofanya baba yule ni kutoka nje bila neno. Tukasikia kelele nyuma ya nyumba. Alirudi ameshika bata wanne miguuni, wawili kila mkono, wale wale walioshiba mikate yetu ya Morogoro, akaenda nao kwa mwenye hoteli barabarani. Jioni alimkabidhi mkewe fedha, zimekunjwa, mbele ya watoto. Hazikutimia. Kilichopungua alikipata kwa kuuza mayai ya juma zima, kwa hiyo asubuhi yetu ya mwisho mkate haukuwa na yai. Ulikuwa na mchicha uliokaangwa na kitunguu na karanga. Mtoto mdogo aliombea chakula, akaombea na bata.

Tulifungiwa vitatu vya safari. Tulivila Ifakara stendi, tukisubiri gari, watu wakitutazama tunavyofungua majani.

Nyumbani tulijaribu. Wa kwanza uliharibika: mmoja wetu alitumia unga wa mchele wa dukani, mkavu, hakutia wali, na ukatoka kama tofali. Wa pili ulikubali. Tuligundua kwamba kwa jiko la gesi, ambalo haliweki makaa juu, unaweza kuugeuza kwa sahani mkate ukishashika, ukauiva upande wa pili kwa dakika 7 au 8. Hauwi mzuri kama ule wa makaa, ila unafaa. Watoto wetu wa mjini waliuliza kwanza kama ni keki. Mmoja alirudi na wake shuleni bila kuuguswa siku mbili za kwanza. Ya tatu jani lilirudi peke yake.

Mwanzoni mwa Februari tulimpigia simu mama yule. Mvua ilikuwa kubwa, sauti ikikatika. Tulimwuliza habari za watoto, na za palizi, na mwisho tukauliza habari za magunia. Alisema la kwanza liliisha mwishoni mwa Januari, na la pili amelifungua juma lile.